Pazia Bila Dirisha

"Haina neno." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa karibu kila jambo. Ukimwonyesha ufa ukutani, haina neno. Ukimwambia bomba linamwaga maji juu ya kabati la vyombo, haina neno. Anavua koti, anapanda juu ya kiti, anatazama kwa muda mrefu kama daktari anayetazama koo la mtoto, anashuka, anaomba chai. Kwa miaka mingi sisi Watanzania na Wakenya wa hapa London, kuanzia Neasden mpaka Wembley, hatukuwa na mjenzi mwingine. Tulimwita Fundi, na ukisema Fundi anakuja kesho, hakuna aliyeuliza fundi yupi.

Naandika habari zake nikiwa na hasira, na ni haki msomaji alijue hilo mapema. Si hasira juu yake peke yake. Ni juu yetu sote tuliomfanya awe vile alivyokuwa, na juu ya adabu yetu moja ambayo mpaka leo tunajivunia: kwamba kazi ya mtu wetu haikaguliwi.

Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa baridi na joto, na penseli nyuma ya sikio. Kiunoni alining'iniza futi ya chuma, nzuri, ya bei, na sikumbuki hata siku moja kuiona imefunguliwa. Alipima kwa shubiri. Alitandaza kiganja ukutani, akakihamisha, akakihamisha tena, huku midomo ikicheza. Mlango aliomtengenezea Mama Zawadi, nesi wa Kisumu tunayepakana naye ua, ulikuwa mzuri kwa kila hali, ila haukufika chini. Paka alipita chini yake bila kuinama.

"Mlango wa Fundi una heshima zake," Mama Zawadi alikuwa akisema, akicheka. "Haumzuii mtu."

Alicheka, na kila jioni alikunja taulo akaliziba pengo kwa mguu. Hakumwambia Fundi neno. Sisi wengine nasi tulikuwa na mataulo yetu, kila mtu kwa namna yake: huyu na sinki lisilomaliza maji, yule na swichi inayowasha taa ya chumba kingine.

Sababu ya kunyamaza ilikuwa misiba. Mtu akifariki, Fundi alifika mlangoni kabla ya simu kumaliza kuzunguka, na chupa mbili kubwa za chai na mkoba wa vikombe vya karatasi. Waislamu aliwaosha mwenyewe. Wakristo aliwabeba. Baba mkwe wangu alikuja kututembelea, akaugua, akafia hospitali ya hapa hapa. Fundi ndiye aliyekwenda nami kwa wenye jeneza, na alipoona tai ya mzee imekaa upande, aliifungua akaifunga upya, taratibu, kama anayemwandaa kwenda harusini. Kanisani alisimama safu ya nyuma ibada nzima, kofia mkononi, yeye ambaye si wa dini yetu. Na makaburini, wale wafanyakazi walipowasha kile kigari chao cha kusukumia udongo, aliwazuia kwa Kiingereza chake cha kukatakata, akachukua koleo.

"Mtu wetu hafukiwi na mashine," alituambia, na wanaume wote tukavua makoti.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba sinki linavuja?

Jambo jingine: hakuja na chakula chake kazini. Kwako alikuwa mgeni kwanza, mfanyakazi baadaye. Alionja mchuzi, akamwelekeza mke wangu aongeze ndimu. Mke wangu akiwa zamu, alipika mwenyewe, samaki wa tui la kopo, akamwachia kila mtu sahani yake imefunikwa. Nimewahi kurudi nyumbani nikakuta ukuta haujapigwa lipu hata kidogo lakini meza imeandaliwa.

"Una bahati," mke wangu aliniambia nilipokunja uso. "Wenzio mafundi wao wanaiba."

Na nisimdhulumu: kwenye vigae sikumjua wa kumfikia. Alipiga magoti juu ya gunia, akakilaza kigae, akakigonga kwa kishikio cha mwiko, akasikiliza, na kama mlio haukumridhisha alikibandua. Sakafu yake ikiwa bado mbichi hakuna aliyeikanyaga. Kuna bwana mmoja wa Wembley alinyimwa kuingia chooni mwake mwenyewe, akaambiwa aende kituo cha mafuta, naye akaenda. Kinachoonekana Fundi alikiheshimu hivyo. Kilicho nyuma ya kinachoonekana, hicho ndicho kilikuwa haina neno.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali, na chini yake kuna chumba ambacho waliotutangulia walihifadhia makaa ya mawe. Sisi tunakiita besimenti. Binti yangu mkubwa, Neema, alikuwa anasomea unesi na analala chumba kimoja na mdogo wake. Akitoka zamu anataka kulala mchana. Mdogo wake anataka kusoma kwa sauti. Neema akaanza kuzungumzia kupanga nyumba na wenzake, upande wa Stratford. Mama yake akaanza kuacha chakula kwenye sahani. Nikaamua besimenti iwe chumba cha Neema.

Sina elimu ya chuo. Kazi yangu ni kupokea na kupanga vifaa katika ghala la hospitali, na ninachokijua nje ya ghala nimekisoma mwenyewe kwenye maktaba. Baridi yote ile nilisoma juu ya vyumba vya chini. Nilijifunza kwamba ukuta uliozungukwa na udongo hunyonya maji, na maji hayo lazima yazuiwe kabla hujaufunika ukuta kwa chochote. Na zaidi ya yote nilijifunza kwamba mtu halazwi chini ya ardhi penye njia moja tu ya kutokea. Moto ukiwa ngazini, ngazi si njia tena. Panatakiwa dirisha la kumtosha mtu mzima kupita, na nje yake shimo lililojengewa, lenye vidato vya kumpandisha mpaka bustanini. Mengine yote katika kazi ile niliweza kuyaachia. Hilo sikuweza.

Niliita wajenzi wawili wa mbali, wakaangalia, wakaeleza. Wa pili, Mromania, alinipendeza: alipiga tochi kila pembe na kuniuliza maswali ambayo nilikuwa nimeyasoma. Mke wangu alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akasimama.

"Na Fundi je?"

"Fundi amefanyaje?"

"Atasikia tumemwita mtu baki. Msiba ukitokea utamtazama kwa macho gani?"

Fundi akaja Jumamosi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Baba Neema. Naambiwa unamchimbia mtoto handaki."

Tulishuka. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole, akanusa, akasema haina neno.

"Ukuta una maji, Fundi. Weka mkono."

Akaweka. "Jasho tu hili. Nyumba za hawa watu zinatoka jasho."

Nilimwonyesha mchoro wangu wa dirisha. Aliushika mbali na macho.

"Dirisha la nini chini ya ardhi? Atazame minyoo?"

"La kutokea. Moto ukiwa ngazini, atapita hapo."

"Baba Neema, wewe unapanga nyumba au unapanga ajali?"

"Napanga vyote viwili."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nami nilicheka, kwa sababu alikuwa na kicheko cha kuambukiza. Kisha nikamwomba tuandikiane, kazi itakuwa hivi na hivi. Kicheko kikaisha. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Tuandikiane? Mimi na wewe?" Akaigeuza kofia. "Mimi nilimfunga tai baba mkwe wako."

Mke wangu alikuwa amesimama juu ya ngazi, na alisikia. Huo ndio ukawa mkataba.

Kitu pekee nilichokipata ni ahadi ya mdomo. Nilimwambia: afanye yote anavyojua, ila dirisha. "Dirisha litakuwepo," alisema. "Haina neno."

Kazi ilikwenda kwa mtindo wake. Mara yupo, mara kuna msiba Neasden hayupo, mara yupo lakini anamenya vitunguu jikoni. Siku za mwisho hakuniruhusu kushuka kabisa: sakafu inakauka. Nami, nikijua alivyo na sakafu, nilitii. Kisha jioni moja akatuita sote chini.

Kilikuwa chumba kizuri. Lazima niseme kweli. Kuta nyeupe, taa ndogo ndogo darini, vigae vinang'aa. Na kwenye ukuta wa mbele, ule wa upande wa bustani, lilining'inia pazia refu la rangi ya chungwa bivu, lenye fito ya shaba na vishada pembeni. Mke wangu alipiga vigelegele. Nilivuka chumba nikalivuta pazia.

Nyuma yake palikuwa ukuta. Laini, umepakwa rangi vizuri mpaka pembeni.

"Fundi, dirisha liko wapi?"

"Si pazia hilo?"

"Nauliza dirisha."

"Baba Neema, sikiliza." Alikuja akasimama karibu nami, akashusha sauti kama anayenipa siri ya kunifaa. "Kuchimba kule nje ungekata mizizi ya mti wa jirani, ungegombana naye, nyumba ingetikisika. Nimekuepusha. Mtoto akiamka akaona pazia, roho yake inatulia. Hajisikii kafungiwa."

Hakuwa ananidanganya. Angekuwa ananidanganya ningejua la kufanya. Aliamini kila neno, na vishada vile alikwenda mwenyewe kuvichagua, na hilo ndilo lililonipandisha damu. Alimfikiria mwanangu akiamka. Hakumfikiria akikimbia.

Neema hutuelewa tukizungumza Kiswahili, lakini hujibu kwa Kiingereza, tangu utoto. Alilifunua pazia kwa kidole, akacheka, akaliachia. Akaweka kiganja ukutani pale palipotakiwa pawe na dirisha. Kisha akageuka, na safari ile akasema kwa Kiswahili:

"Baba, hapa silali."

Mke wangu alisema labda tuweke king'ora cha moshi, labda viwili. Fundi alisema watoto wa hapa wana woga. Mimi nilipanda juu, na asubuhi yake nikaipigia simu kaunsili, serikali ya mtaa wetu, nikaomba mkaguzi wa majengo.

Msomaji wa mbali huenda asione hapo pana nini. Kwetu pana mengi. Wengi wetu tuliingia nchi hii tukiwa na karatasi zinazosubiri karatasi nyingine, na tulijifunza kwamba ofisa haitwi nyumbani penye mwenzako. Hujui ataanza na swali gani, wala ataishia kuuliza karatasi za nani. Mtu anaweza kukosana na nduguye mpaka wasisalimiane, lakini kumletea ofisa mlangoni, hapana. Tunaita kumchoma mtu. Fundi alikuwa na pasi ya nchi hii miaka mingi; nilihudhuria sherehe yake. Na bado, mkaguzi alipobisha hodi, Fundi, aliyekuwa amekuja kufunga soketi ya mwisho, alitoka kwa mlango wa jikoni, akapita bustanini, akaacha drili, pimamaji, na kofia yake ya sufu juu ya ngazi.

Mkaguzi alikuwa mama mpole mwenye buti za matope. Alibonyeza ukuta kwa bisibisi na bisibisi ikazama. Akaomba ruhusa, akabandua ubao mmoja wa jipsamu. Nyuma yake maji yalikuwa yanateremka taratibu juu ya matofali, na ubao wenyewe umeshaanza kuota ukungu. Hakuuliza nani aliyejenga. Aliuliza swali moja tu: nani atalala humu?

"Binti yangu," nilisema.

Alitikisa kichwa, akaanza kupiga picha.

Kuta zote zilibomolewa. Mromania alirudi, akazuia maji, akachimba, akaweka dirisha, wala mti wa jirani haukufa. Neema alihamia chini na habari za Stratford zikaisha. Lakini katika kundi letu la simu watu waliandika: leo Fundi, kesho nani? Mama Zawadi, ambaye siku zote alinisalimia kwa utani, aliniita ua wa nyuma kwa sauti ya hospitali.

"Baba Neema, ungezungumza naye kiutu uzima."

"Nilizungumza naye."

"Ungezungumza tena."

"Mama Zawadi, mlango wako umefika chini?"

Akaingia ndani. Hakuna hata mmoja, katika wote walionisema, aliyeniuliza kama lile dirisha lilikuwepo au halikuwepo. Jambo zima lilikuwa nani kamwita nani. Kwamba msichana angelazwa ndani ya sanduku, hilo halikuwa jambo. Mpaka leo nikilikumbuka napata joto masikioni.

Msiba uliofuata ulikuwa katika ukumbi mmoja Wembley. Mimi na mke wangu tulikaa, na viti vya pande zetu vikabaki vitupu. Chai ikapita mbele yetu kwenda kwa wengine. Mke wangu alitazama mikono yake. Ndipo Fundi akatoka kule penye chupa zake, kofia kichwani, maana nilikuwa nimempelekea vitu vyake vyote, akaja na vikombe viwili, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima:

"Baba Neema, chai. Haina sumu. Ukitaka mwite mkaguzi."

Ukumbi ulicheka, na baada ya kicheko kile watu wakaanza kutusalimia tena, mmoja mmoja. Nilipokea kikombe. Sijui mpaka leo kama alinitukana au aliniokoa. Nadhani mwenyewe hakuona haja ya kuchagua.

Mwezi uliopita alibisha hodi kwetu mchana, siku yangu ya mapumziko. Alikuwa na bakora, na kikohozi kilichomfanya asimame kati ya maneno. Mke wangu alifurahi, akaingia jikoni kuchemsha maji.

"Nimekuja kuona chumba," Fundi alisema.

Alishuka akishika ukuta. Neema alikuwa kazini; kitanda chake kimetandikwa, viatu vimepangwa. Fundi hakutazama vigae, ambavyo ni vyake, kwani Mromania aliviacha kwa heshima. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Akafungua, akafunga, akafungua. Akatandaza shubiri juu ya fremu, huku na huku. Halafu akatoa kichwa nje, akatazama juu kwenye majani ya bustani, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amekwama.

"Upepo unaingia," alisema, kichwa kikiwa bado nje.

"Ndiyo kazi yake."

Alirudisha kichwa, akakaa kwenye kitanda. "Kwangu hauingii."

Hapo nilitambua kwamba sikujua anapoishi. Yeye aliingia majumbani mwetu sote. Hakuna aliyewahi kuingia kwake. Akanieleza. Anakaa chumba cha chini, Wembley, nyuma ya barabara kuu, katika nyumba ya bwana mmoja tunayemjua wote, anayesimamia michango ya misiba na kushika kipaza sauti kwenye harusi. Kitanda na jiko ni humo humo. Dirisha hakuna. Mlango unafungukia ngazi, na kwenye ngazi bwana yule amerundika makatoni ya biashara yake. Ukuta unatiririka.

"Jasho," nilisema.

Hakucheka. "Na mimi nimeweka pazia," alisema. "La kijani."

Nilikuwa nimelikasirikia lile pazia la chungwa bivu miaka yote hii kama kitu alichonitendea mimi.

"Yule mama wa kaunsili," alisema. "Mwenye buti. Bado una namba yake?"

"Ninayo. Nikupe?"

"Mimi?" Alishtuka kweli. "Nimpigie mimi? Mwenye nyumba ni mtu wetu, Baba Neema. Nani atanialika tena? Nani atanizika?"

"Ulisema nilikuchoma, Fundi."

"Nilisema. Ndiyo maana upige wewe. Wewe jina lako limeshaharibika."

Nilimwambia mengi, na kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu niliyemwamkia. Kwamba amewabeba wafu wa nyumba zetu zote, na mmoja wetu amemtia shimoni angali hai, naye anamlinda. Kwamba adabu gani hii ya kukohoa kwa siri ili mwenye nyumba asifedheheke. Alisikiliza huku anatazama dirisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi piga, kabla mkeo hajashuka na chai."

Nikapiga. Sauti ilikuwa ile ile ya upole. Nilitaja mtaa, na Fundi akanionyesha namba ya nyumba kwa vidole, asije akasikika. Kisha yule mama akauliza kama alivyouliza siku ile: nani analala humo?

Nilimtazama. Akatikisa kichwa, nisimtaje.

"Mtu wetu," nikasema.